Darasa Lililobaki: Kisa cha Kifaransa katika Shule za Umma za New Brunswick

Machi 2008, Kelly Lamrock, waziri wa elimu wa jimbo la New Brunswick huko mashariki mwa Kanada, alitangaza uamuzi uliowatoa wazazi majumbani. Kuanzia Septemba ya mwaka huohuo, mtoto anayeingia darasa la kwanza katika shule za umma za Kiingereza hangeweza tena kusomeshwa kwa Kifaransa. Madarasa ya uzamishaji, ambamo mtoto wa nyumba ya Kiingereza hujifunza hesabu, sayansi na hata kusoma na kuandika kwa Kifaransa tangu ana miaka sita, yangeacha kupokea watoto wapya. Badala yake kila mtoto angesoma kwa Kiingereza mpaka darasa la tano, hapo apewe miezi mitano ya Kifaransa cha mfululizo, na anayetaka zaidi aanze uzamishaji darasa la sita.

Lililowashangaza wengi ni sababu. Hoja nzito ya serikali haikuwa kwamba watoto wa madarasa hayo hawajui Kifaransa. Ilikuwa kwamba madarasa hayo yanawachuja watoto: wenye nafasi upande huu, wenye matatizo upande ule. Miaka kumi na minne baadaye serikali ya chama pinzani ilishika hoja ileile, ikataka kufika palepale, ikarudishwa nyuma vilevile. Serikali mbili zenye siasa tofauti zikijikwaa kwenye jiwe moja, inafaa kuliangalia jiwe.

Jimbo na shule zake

Kwa sensa ya 2021 New Brunswick ina watu zaidi ya 775,000. Karibu theluthi moja lugha yao ya kwanza ni Kifaransa, na wengi wa hao ni Waakadia, uzao wa wakulima na wavuvi Wafaransa ambao Waingereza waliwafukuza kwa nguvu kati ya 1755 na 1763. Baadhi walijificha misituni, wengine walirudi baadaye wakaanza upya. Ndilo jimbo pekee la Kanada lenye lugha mbili rasmi. Sheria ya lugha ilipitishwa 1969 chini ya Louis Robichaud, Muakadia wa kwanza kuchaguliwa kuwa waziri mkuu wa jimbo hilo, na mwaka 1993 katiba ya nchi iliongezwa kifungu kinachotambua usawa wa jamii hizo mbili, pamoja na haki ya kila moja kuwa na taasisi zake za elimu.

Haki hiyo ina matokeo ambayo mgeni huyapita bila kuyaona. Shule za umma za New Brunswick ni mifumo miwili iliyo chini ya wizara moja. Kuna wilaya za elimu za Kiingereza na wilaya za elimu za Kifaransa, kila upande na mitaala yake. Mtoto wa Kiakadia huenda shule ya Kifaransa. Kwa hiyo uzamishaji ni shughuli ya upande wa Kiingereza peke yake, na mara nyingi mtu pekee darasani aliyelelewa kwa Kifaransa ni mwalimu. Kengele ya mapumziko ikilia, uwanja mzima unaongea Kiingereza. Wanaodhani kwamba shule hizi huwachanganya watoto wa jamii mbili wakacheza pamoja wanakosea. Zinawafundisha watoto lugha ya jirani bila jirani kuwepo.

Kwa nini basi mzazi mwenye lugha ya Kiingereza katika miji ya Fredericton au Saint John ahangaike? Kazi. Serikali ya jimbo na ya shirikisho huajiri watu wa lugha mbili kwa nafasi nyingi zinazokutana na wananchi. Miaka ya 1990 Frank McKenna, waziri mkuu wa jimbo, alizivuta kampuni za kupokea simu za wateja zije Moncton na miji mingine, na mojawapo ya vivutio vyake ilikuwa wafanyakazi wanaoweza kujibu simu kwa lugha yoyote kati ya hizo mbili. Tatizo ni kwamba wengi wanaosema lugha zote mbili katika jimbo hilo ni wale waliozaliwa ndani ya Kifaransa. Mtoto wa Kiakadia hujifunza Kiingereza apende asipende, kwa sababu kiko dukani, kwenye televisheni na kiwanja cha hoki. Mtoto wa Kiingereza asipopelekwa Kifaransa, Kifaransa hakimfuati.

Mbegu ilitoka Quebec

Mpango wenyewe haukubuniwa New Brunswick. Ulianza St. Lambert, mji mdogo uliotazamana na Montreal ng'ambo ya mto St. Lawrence. Mwaka 1963 kikundi cha wazazi wa Kiingereza, akiwemo Olga Melikoff, waliona Quebec inabadilika chini ya miguu yao: wasemaji wa Kifaransa wa jimbo hilo walikuwa wanadai nafasi yao katika uchumi, na watoto wa wasemaji wa Kiingereza walikuwa wanamaliza shule baada ya miaka mingi ya vipindi vya Kifaransa bila kuweza kuagiza chakula hotelini. Wazazi hao walimwendea mwanasaikolojia Wallace Lambert wa Chuo Kikuu cha McGill na daktari wa ubongo Wilder Penfield. Mwaka mmoja kabla, Lambert na mwenzake Elizabeth Peal walikuwa wamechapisha utafiti kuhusu watoto wa miaka 10 wa Montreal, ulioonyesha kwamba wenye lugha mbili hawakuwa nyuma kiakili kama wataalamu wa miongo iliyopita walivyozoea kusema. Walikuwa mbele katika vipimo vingi.

Bodi ya shule haikupenda. Ilikubali kwa shingo upande, na Septemba 1965 darasa la chekechea la watoto 26 likafunguliwa. Lambert na Richard Tucker waliwafuatilia watoto hao mwaka hata mwaka, wakatangaza matokeo 1972: Kiingereza chao hakikuharibika, hesabu zao hazikushuka, na Kifaransa chao kiliwapita mbali wenzao wa vipindi vya kawaida. Kuanzia 1970 serikali ya shirikisho ilikuwa imeshaanza kuyapa majimbo fedha za kufundisha lugha rasmi ya pili. Mpango ukaenea nchi nzima, na mwaka 1977 wazazi wakaunda chama cha Canadian Parents for French, ambacho mpaka leo waziri yeyote anayegusa uzamishaji hukutana nacho mlangoni.

Utafiti wa miaka iliyofuata umethibitisha mengi ya hayo na kuongeza mipaka yake. Mtoto wa uzamishaji huchelewa kidogo kusoma kwa Kiingereza mwanzoni, kisha hufidia haraka mara anapoanza kufundishwa Kiingereza darasani. Kusikia na kusoma kwake Kifaransa hukaribia kwa mwenye lugha. Kusema na kuandika kwake hakufiki huko: jinsia za nomino humsumbua, na nyakati za vitenzi. Merrill Swain, mtafiti wa Toronto, alieleza katika miaka ya 1980 kwamba watoto hawa husikia sana lakini hulazimishwa kidogo mno kutoa sentensi ndefu zao wenyewe. Hata hivyo ukiwaweka pembeni ya mtoto aliyepata dakika thelathini au arobaini za Kifaransa kwa siku, hakuna mashindano.

Jinsi darasa linavyojichuja

Hapa ndipo penye kisa chenyewe, na hapa pia ndipo mijadala mingi ilipopita kwa haraka.

Hakuna mtihani wa kuingia darasa la uzamishaji. Ni shule ya umma, ni bure, na mzazi yeyote anaruhusiwa kumwandikisha mwanawe. Ukisoma kanuni tu, hutaona ubaguzi popote. Lakini fikiria chekechea ya watoto arobaini inayokaribia kugawanywa mwaka unaofuata. Mzazi aliyesoma, anayejua faida ya lugha mbili na anayeweza kuhudhuria mkutano wa jioni, anajaza fomu mapema. Mzazi anayefanya kazi za zamu hajasikia kuna mkutano. Mzazi wa mtoto anayechelewa kuongea anaambiwa, kwa nia njema kabisa, kwamba labda lugha moja kwanza ingemfaa. Mzazi wa mvulana asiyetulia anaambiwa vivyo hivyo. Mwenye mtoto mwenye usonji anauliza kama kutakuwa na mwalimu msaidizi anayejua Kifaransa, anajibiwa kwamba msaidizi aliyepo ni wa Kiingereza. Hakuna aliyemfukuza mtu. Septemba ikifika, watoto ishirini wa chumba hiki na ishirini wa chumba kile si watoto wa aina moja tena.

Kisha mchujo unaendelea. Mtoto anayepata shida ya kusoma katika darasa la pili au la tatu la uzamishaji mara nyingi hahudumiwi humo. Anahamishiwa upande wa Kiingereza, ambako msaada upo. Kila anayehama anapunguza mzigo wa mwalimu mmoja na kuuongeza kwa mwingine. Mwalimu wa upande wa Kiingereza anajikuta na chumba ambamo sehemu kubwa ya watoto wanahitaji mpango maalumu wa masomo, na wale ambao wangekuwa vinara wa kuwavuta wenzao wako ng'ambo ya korido wakiimba alfabeti kwa Kifaransa.

J. Douglas Willms wa Chuo Kikuu cha New Brunswick, mtafiti anayeheshimika katika masuala ya usawa wa elimu, alichambua takwimu za jimbo wakati ule na kuonyesha kwamba pengo la hali ya kiuchumi ya familia kati ya pande hizo mbili lilikuwa kubwa, na kwamba watoto wenye mahitaji maalumu walirundikana upande mmoja. Yeye hakuwa adui wa Kifaransa. Alichotaka ni Kifaransa kwa wote.

Jambo hili lina uchungu wa pekee New Brunswick. Mwaka 1986 jimbo hilo lilipitisha sheria iliyowaingiza watoto wenye ulemavu katika madarasa ya kawaida, na tangu hapo limekuwa likitajwa kama mfano wa elimu jumuishi. Jimbo lililokataa kuwatenga watoto kwa ulemavu lilikuwa, bila mtu kukusudia, linawatenga kwa fomu ya lugha.

Uongeze vijiji. Shule yenye watoto kumi na wanane katika darasa la kwanza haiwezi kugawanya darasa mara mbili, na mwalimu mzuri wa Kifaransa hapatikani kirahisi kilomita themanini kutoka mjini. Kwa hiyo haki ya kuchagua iliyokuwa kwenye karatasi ilikuwa haki ya wenye shule kubwa.

Ripoti, mahakama, na msimu mmoja wa kiangazi

Lamrock aliwategemea makamishna wawili, James Croll na Patricia Lee, ambao ripoti yao iliyataja mambo haya ya mchujo na kuongeza kwamba watoto wengi wanaoanza uzamishaji hawaumalizi. Watafiti wa vyuo vikuu waliirukia ripoti hiyo, wakasema hesabu za wanaoacha zilikuwa na makosa na kwamba tafiti zilizopendelea kuanza mapema hazikupewa uzito wake. Nadhani katika hili wakosoaji walikuwa na haki. Ukitaka kufunga mpango wenye miaka zaidi ya thelathini ya utafiti nyuma yake, huna ruhusa ya kukosea hesabu.

Lakini kosa kubwa zaidi lilikuwa la kalenda. Tangazo lilitoka Machi, utekelezaji ulikuwa Septemba. Wazazi ambao walikuwa wanasubiri kuandikisha walikuta mlango umefungwa. Kulikuwa na maandamano, na wazazi wawili wakaenda mahakamani. Juni 2008 Jaji Hugh McLellan aliutengua uamuzi wa waziri. Hakusema kwamba uzamishaji wa mapema ni bora au si bora. Alisema njia iliyotumika haikuwa ya haki kwa sababu wananchi hawakupewa nafasi ya kweli ya kusikilizwa. Waziri akarudi kwa umma kwa wiki chache za maoni, na mwanzoni mwa Agosti akatoka na mpango wa tatu ambao hakuna upande uliouomba: uzamishaji ungeanza darasa la tatu.

Ukiwa mwanasiasa, la tatu ni namba nzuri. Iko katikati. Ukiwa mtoto, si lazima. Darasa la tatu ndipo mtoto aliyejifunza kusoma kwa Kiingereza anaanza kusoma ili ajifunze mambo mengine, na hapo ndipo unambadilishia lugha. Waliotetea la tatu walisema miaka miwili ya pamoja ingewapa walimu muda wa kuwatambua wenye shida na kuwasaidia wote kabla ya kugawanya. Hilo lina mantiki. Ila mchujo haukuondoka. Uliahirishwa hadi wakati ambapo kila mtu sasa anajua nani anasoma vizuri na nani hasomi. Mimi ningetarajia mchujo mkali zaidi, si hafifu.

Watoto walioingia darasa la kwanza Septemba 2008 walianza uzamishaji 2010. Mwaka 2014 chama cha Liberal, kile cha Lamrock, kiliposhinda tena kwa uongozi wa Brian Gallant, kiliahidi kurudisha mwanzo darasa la kwanza, na kikafanya hivyo Septemba 2017. Mkaguzi Mkuu wa jimbo baadaye alilalamika kwamba kubadilisha vipaumbele kila mara kumeuyumbisha mfumo wa shule za Kiingereza. Ni vigumu kumpinga. Kundi la watoto walioanza darasa la tatu lingekuwa jaribio zuri la kulinganisha, lakini lilipokaribia kumaliza sekondari, korona ilifunga shule.

Mara ya pili

Mwaka 2018 wahafidhina wa Progressive Conservative waliingia madarakani chini ya Blaine Higgs. Waziri wake wa elimu, Dominic Cardy, alikuwa kiongozi wa zamani wa chama cha mrengo wa kushoto cha NDP, mtu mwenye fikra zake, na tangu 2019 alikuwa akisema wazi kwamba mgawanyo wa watoto kwa lugha lazima uishe. Tume ya kupitia sheria ya lugha, ya Yvette Finn na John McLaughlin, nayo ilipendekeza mpango mmoja kwa wote. Mpaka hapo hoja ilikuwa ya heshima, na nadhani ingeweza kushinda kama ingepewa muda.

Oktoba 2022 Cardy alijiuzulu kwa barua kali hadharani. Alimlaumu Higgs, pamoja na mengine, kwa kulazimisha uzamishaji ufutwe ifikapo Septemba 2023 kabla mbadala wake haujawa tayari. Angalia ajabu hiyo: mtu aliyeutaka mwisho wa uzamishaji kuliko wengine wote serikalini aliondoka kwa sababu ya haraka ya kuumaliza.

Desemba 2022 mrithi wake, Bill Hogan, alitangaza mpango. Kila mtoto wa chekechea na wa darasa la kwanza katika shule za Kiingereza angetumia nusu ya siku kwa Kifaransa. Hakuna kuchagua, hakuna kugawanya. Waliokwisha kuingia uzamishaji wangeendelea mpaka wamalize. Lengo: kila mhitimu aweze kufanya mazungumzo ya kawaida. Januari 2023 serikali ilifanya mikutano ya maoni katika miji kadhaa. Kumbi zilijaa, na walioshika kipaza sauti karibu wote walipinga: wazazi, walimu, vijana waliopita uzamishaji, Waakadia waliohoji kama nusu siku itazalisha mtu wa lugha mbili kweli. Katikati ya Februari Hogan alitangaza kwamba mpango hautatekelezwa.

Wengi walieleza matokeo hayo kwa historia ya Higgs. Mwaka 1989 aliwahi kugombea uongozi wa chama kilichopinga sera ya lugha mbili, na Waakadia hawakusahau. Alipozungumzia Kifaransa kwa wote, wengi walisikia Kifaransa kidogo kwa kila mtu. Sikatai kwamba hilo lilichangia. Ila hata angekuwa na jina safi, hesabu zilimkataa.

Chukua shule ya mfano yenye watoto 100 wa darasa la kwanza, siku ya masomo ya saa tano. Tuseme 40 kati yao wako uzamishaji na wanapata saa nne za Kifaransa. Hizo ni saa 160 za mtoto kwa siku. Mpango wa nusu kwa nusu unawapa wote 100 saa mbili na nusu: ni saa 250. Unahitaji zaidi ya nusu ya ziada ya walimu wa Kifaransa, kuanzia Septemba, katika nchi ambayo majimbo karibu yote yanagombania walimu haohao. Na shule zinazoongezewa mzigo zaidi ni zile za vijijini, ambazo hazikuwa na mwalimu hata mmoja wa kufundisha darasa la kwanza kwa Kifaransa. Mzazi wa uzamishaji alikuwa anaona kwa macho mwanawe akipunguziwa kutoka saa nne hadi mbili na nusu. Mzazi wa upande wa pili alikuwa anaahidiwa saa mbili na nusu na mwalimu ambaye hajaajiriwa. Wa kwanza ana kitu cha kupoteza leo, wa pili ana ahadi. Haishangazi kwamba ukumbini alikuja wa kwanza.

Nani hakuja ukumbini

Nimesoma hoja za pande zote, na kinachonisumbua ni jambo hilo la ukumbi. Katika mizunguko yote miwili, 2008 na 2023, walioandamana, waliokwenda mahakamani na walioshika kipaza sauti walikuwa kwa wingi wazazi wa uzamishaji. Walikuwa na haki hiyo, na katika mambo mengi walikuwa sahihi: kuanza mapema hufaa, nusu siku ni kidogo, walimu hawapo. Lakini chumba cha pili, kile cha upande wa Kiingereza, hakikuwa na chama chake. Mtoto wake alizungumziwa na wizara, na wizara ilimtumia kama hoja ya kupunguza kitu cha wengine, bila kumwongezea chake.

Kulikuwa na njia ya tatu ambayo serikali zote mbili zingeweza kuijaribu kwa gharama ndogo kuliko kuvunja mfumo. Fred Genesee wa McGill alionyesha miaka mingi iliyopita kwamba mtoto mwenye uwezo wa chini kitaaluma akiwekwa uzamishaji hafanyi vibaya zaidi katika Kiingereza kuliko mwenzake wa uwezo huohuo aliyebaki upande wa Kiingereza. Na juu ya hapo anaondoka na Kifaransa. Kama ni hivyo, ule ushauri wa "lugha moja kwanza" hauna msingi kwa watoto wengi wanaoupewa. Kinachokosekana ni mwalimu wa kuwasaidia wanaochelewa kusoma anayefanya kazi kwa Kifaransa, ndani ya darasa la uzamishaji, ili mwenye shida asilazimike kuhama ndipo asaidiwe. Kinachokosekana pia ni kuufanya uzamishaji uwe chaguo la kawaida, kwamba anayetaka kutoka ndiye ajaze fomu. Hatua hizo mbili zingegusa mchujo mahali unapozaliwa.

Serikali zilipenda kugusa darasa la kuanzia: la kwanza, la sita, la tatu, la kwanza tena, chekechea. Namba ya darasa hubadilishwa kwa tangazo moja. Mwalimu msaidizi anayejua Kifaransa lazima atafutwe, asomeshwe na alipwe.

Mtoto wa Kiswahili katika hesabu hii

Moncton na miji mingine ya jimbo imepokea familia za Kikongo na Kirundi, na wengi wao nyumbani wanaongea Kiswahili. Mzazi aliyesoma kwa Kifaransa Bukavu au Lubumbashi, anapofika na mtoto wa miaka sita, anakuta milango mitatu: shule ya Kifaransa, shule ya Kiingereza, au darasa la uzamishaji ndani ya shule ya Kiingereza. Akiuona mlango wa tatu anaweza kudhani umetengenezwa kwa ajili yake, maana unatoa lugha zote mbili.

Hapo inafaa kurudi kwa Lambert. Katika miaka ya 1970 alitenganisha hali mbili: lugha ya pili inayoongeza juu ya ya kwanza, na lugha ya pili inayoila ya kwanza. Watoto wa St. Lambert walifaulu kwa sababu Kiingereza chao hakikuwa hatarini. Barabara, redio na ajira vilikilinda hata shule ikikinyamazia miaka ya mwanzo. Ndiyo maana Waakadia hawakuwahi kuomba uzamishaji wa Kiingereza kwa watoto wao. Wanajua ungewachukua wazima wazima. Mtoto wa Kiswahili hana ulinzi wa namna hiyo kwa lugha ya nyumbani kwake katika shule yoyote kati ya hizo tatu. Kwa familia yenye Kifaransa tayari, shule ya Kifaransa humpa mtoto lugha ambayo baba na mama wanaweza kumsaidia nayo kwenye kazi za nyumbani, na Kiingereza atakiokota mtaani kama wanavyokiokota watoto wa Kiakadia. Ningekuwa mimi, ningeanzia hapo, na Kiswahili ningekilinda mwenyewe mezani.

Nataja pia, kwa kuwa wengi hulinganisha: mtoto wa Tanzania anayetoka darasa la saba la Kiswahili na kuingia kidato cha kwanza kwa Kiingereza hayuko katika uzamishaji wa St. Lambert. Mzazi wa St. Lambert alichagua, mwalimu wake alikuwa mwenye lugha, na mtoto alianza na miaka mitano au sita, wakati masomo bado ni mepesi. Kijana wa kidato cha kwanza anakutana na baiolojia na lugha yake siku moja, na mara nyingi mwalimu naye anatafuta maneno.

Oktoba 2024 Higgs alishindwa uchaguzi, na Susan Holt wa Liberal akawa mwanamke wa kwanza kuongoza jimbo hilo. Uzamishaji bado unaanza darasa la kwanza, na mzazi bado ndiye anayejaza fomu. Takwimu ambayo ningependa kuiona ikitangazwa kila mwaka, shule kwa shule, ni fupi: watoto wangapi wenye mpango maalumu wa masomo wako uzamishaji na wangapi wako upande wa pili, na wangapi walihama katikati ya mwaka. Hiyo ndiyo ingeonyesha kama kuna kilichobadilika katika chumba cha pili tangu 2008.